Mwombaji wa Pili

Mtu wa kwanza kuulizia friji alikuwa jirani wa mlango wa pili, wala hakuwa na nia mbaya. Alibisha hodi na bakuli mkononi kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, akakaa, akamsifu mtoto alivyonenepa, kisha macho yake yakaenda jikoni yakabaki huko.

"Mama Kidoti, hii friji mtaondoka nayo?"

Mama Kidoti alikuwa anamkata mwanawe kucha. Mkono ukasimama. "Tunaondoka kwenda wapi?"

"Si nasikia tu. Wanasema watu wa upande wa pili mnarudi wote. Nikasema, badala ya kumuuzia mtu msiyemjua, si bora mimi ambaye nitaitunza?"

"Ina ubovu. Maziwa inayagandisha, barafu haigandishi."

"Basi mtanipunguzia," jirani akasema, akaondoka na bakuli lake tupu. Chumvi alikuwa ameisahau.

Mama Kidoti alibaki ameshika kidole cha mtoto, kimoja kimekatwa na kingine bado. Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya alama nyeusi iliyokaa shavuni kama mtu kamgusa kwa ncha ya kalamu, alimtikisa mama yake amalize. Mtoto huyo alizaliwa mtaa huu huu, kwenye zahanati ya pale kona. Mahali pengine hapajui.

Nchi ilipojitoa kwenye Jumuiya ya nchi jirani mwaka uliopita, redio ilieleza vizuri kabisa: ni mambo ya ushuru, viwanda, na malori yaliyokuwa yanapanga foleni mpakani. Wachumi walialikwa wakabishana. Wenye viwanda walialikwa wakabishana. Hakuna aliyetaja konokono.

Na Baba Kidoti alikuwa mtu wa konokono. Alifundisha chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa wale konokono wadogo wa majini, wasiozidi punje ya maharage, wanaobeba vimelea vya kichocho. Alijua ni wa aina gani anaambukiza na ni wa aina gani hana neno, na kwa kujua hivyo aliweza kuwaambia watu wa kando ya ziwa wachote maji wapi na watoto wao waoge wapi. Ziwa lenyewe lilikatwa katikati na mpaka, kwa hiyo tangu kujitoa nusu ya konokono wake walikuwa wageni. Mfuko wa utafiti uliomlipia dawa za maabara ulikuwa wa Jumuiya, ukamkatia. Wenzake wa ng'ambo waliomtumia sampuli wakaambiwa sampuli sasa ni mzigo wa nje. Yote hayo alivumilia. Alipunguza darasa la vitendo, akanunua majani ya kuwalisha konokono kwa mshahara wake, akaendelea.

Lililobaki lilikuwa yeye mwenyewe. Alikuja nchi hii na kitambulisho cha kwao tu, enzi ambazo mtu wa Jumuiya aliruhusiwa kufanya kazi popote, na mkewe akamfuata. Sasa kitambulisho hicho kilikuwa kipande cha plastiki. Kibali cha muda walichopewa kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi.

*

Kwenye ofisi ya vibali, dirisha lililokuwa limeandikwa "Jumuiya" lilipakwa rangi nyeupe, lakini herufi zilionekana kwa chini kama mbavu. Foleni yao ilikuwa dirisha la mwisho: "Wageni Wengineo."

"Taaluma?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mtaalamu wa konokono."

Hapo kichwa kikainuka. Karani akageukia meza ya nyuma. "We bwana, huyu anasema ni mtaalamu wa konokono. Nimweke wapi, kwenye mifugo au uvuvi?"

"Muulize kama wanakamuliwa!"

Foleni nzima ikacheka. Baba Kidoti naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. Mama Kidoti hakucheka. Aliangalia viatu vya mumewe, vile vya kwendea darasani, alivyovipiga rangi asubuhi kana kwamba anakwenda kutunukiwa kitu.

"Elimu," alisema yeye kupitia tundu la dirisha. "Mweke kwenye elimu. Anafundisha vijana wenu."

Karani akaandika. Halafu, kwa sauti iliyolainika kidogo, akawaeleza utaratibu. Kazi anayoifanya mgeni itangazwe upya. Akipatikana raia mwenye sifa, raia ndiye anaichukua. Asipopatikana, mgeni ataombewa kibali yeye, mke na mtoto.

"Kwa hiyo anaiomba kazi yake mwenyewe?" Mama Kidoti aliuliza.

"Kama anaitaka."

Chuoni, mkuu wa idara, mtu mnene mwenye huruma na haraka, alimpa Baba Kidoti karatasi aandike sifa za tangazo, kwa kuwa idarani hapakuwa na mwingine wa kuzijua. Wenzake walimtania kwamba asiwe mjinga, aandike mpaka namba ya kiatu chake. Asikie wapi! Aliandika kile tu ambacho kazi inahitaji: shahada ya uzamivu, ujuzi wa viumbe wa maji baridi, uwezo wa kufundisha. Mkewe aliisoma karatasi hiyo mezani, akaisoma tena.

"Huu mlango umeuacha wazi, Baba Kidoti."

"Ndiyo tangazo la kazi. Lazima liwe wazi."

"Akiingia mtu?"

"Ataingia nani? Konokono nani anawataka?"

*

Jibu lilikuja siku tangazo lilipofungwa. Baba Kidoti aliingia nyumbani jioni, akavua viatu, akakaa kwenye kiti bila kuuliza mtoto yuko wapi.

"Waombaji tuko wawili," alisema.

Mama Kidoti alikuwa na daftari la masomo yake ya jioni mapajani. Alikuwa anasomea uuguzi, na mtihani ulikuwa karibu. Akalifunga. "Nani?"

"Darubini."

Darubini walimjua wote. Alikuwa mwanafunzi wake tangu mwaka wa kwanza mpaka shahada ya uzamivu, msichana aliyetembea na lenzi imening'inia shingoni kama wenzake walivyovaa mikufu, na jina likamganda. Alishakula kwenye meza hii. Alishambeba Kidoti mgongoni. Na alikuwa raia.

"Umejuaje? Si ni siri?"

Baba Kidoti akajikuna paji la uso. "Mkuu wa idara aliniita. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hajawahi kuona: mwombaji wa pili ameleta barua ya kupendekezwa, na barua yenyewe imeandikwa na mwombaji wa kwanza."

"Umemwandikia barua?"

"Aliniomba mwezi uliopita. Alisema ni ya kazi fulani. Mimi naandikia wanafunzi barua kila wiki, siulizi ni za wapi."

"Ukamsifu?"

"Niliulizwa kama ni mwanasayansi mzuri. Ni mzuri."

"Baba Kidoti!" Alisimama, daftari likaanguka. "Wenzako wanapiga watu majungu ili wabaki kazini, wewe unamwandikia barua ya sifa mtu anayekuja kukutoa! Ungemfungia na zawadi kabisa! Ulishindwa hata kuweka kasoro moja? Hata ungesema anachelewa!"

"Hachelewi."

Mama Kidoti alitaka kulia, kikamtoka kicheko, kikageuka tena kikawa kilio. Mumewe akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa na ubaridi wa maji ya mabeseni ya konokono, kama kila jioni.

"Sikutaka kudanganya," alisema taratibu. "Kama kazi ni yake, ni yake. Nchi ni yao."

"Na sisi?"

Kwao hapakuwa na chuo kinachomngoja. Maabara za huko nazo zilikuwa zinapunguza watu, maana mfuko ule ule uliozilisha ulipungua nchi hii ilipoacha kuuchangia. Angefundisha sekondari kama angepata. Yeye Mama Kidoti angeanza masomo upya, kama angeanza. Walilala na mtoto katikati, kila mmoja akijifanya amesinzia ili mwenzake apate kusinzia.

*

Siku mbili kabla ya usaili, Mama Kidoti alimvalisha Kidoti gauni safi, akamwambia mumewe anakwenda kliniki, akaenda kumtafuta Darubini.

Alimkuta kwenye duka la shangazi yake, duka la vifaa vya maji lililojaa mabomba ya plastiki na koki zilizotundikwa kama vitunguu. Msichana alikuwa amevaa koti la bluu la kazi lenye mabaka ya gundi. Alipomwona Kidoti akaruka kaunta.

"Huyu ndiye Kidoti? Amekuwa mtu mzima! Njoo kwangu, njoo. Mama Kidoti, umepotea, jamani. Mwalimu hajambo?"

"Hajambo. Mdogo wangu, umeomba kazi chuoni."

Uso wa Darubini ukachanua. "Amekuambia! Nilitaka iwe siri mpaka nipate. Si alikuwa anasema siku zote kwamba idara inahitaji watu wawili? Nilipoona tangazo nikasema, hatimaye wamemsikia."

"Hawakumsikia. Ile ni kazi yake."

"Kazi yake ipi?"

"Hiyo hiyo uliyoomba. Sheria mpya ndiyo imeitangaza. Akipatikana raia, yeye hapati kibali."

Darubini alimshusha mtoto polepole mpaka miguu ikagusa sakafu. "Tangazo halikusema hivyo."

"Matangazo hayasemi."

"Kwa hiyo nikipata mimi, Mwalimu anaondoka?"

"Tunaondoka wote. Mwisho wa mwezi huu."

Mteja aliingia akauliza gundi ya bomba, akahudumiwa, akatoka. Darubini aliendelea kupanga kopo za gundi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Mimi nilikuwa na nafasi ng'ambo," alisema huku amempa mgongo. "Maabara ile ya kule ziwani. Walinipa meza, walinipa na mashua ya kazi. Nchi ilipojitoa, wakaniandikia kwamba pesa ni za wanachama tu. Viatu vyangu vya mvua bado viko kule. Tangu hapo nauza koki. Juzi mtu kaniita fundi, nikaitika. Unajua uchungu wake?"

"Najua."

"Hujui, dada. Lakini sawa."

Mama Kidoti alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, yote yakamtoroka. Likabaki moja. "Sikulazimishi."

"Hunilazimishi, lakini umekuja na mtoto."

Neno hilo liliingia pale lilipotakiwa kuingia. Mama Kidoti akamvuta Kidoti karibu, kisha akaona haya kwa kumvuta, akamwachia. Darubini akatoa simu kwenye mfuko wa koti, akaandika kwa vidole viwili, haraka, akabonyeza.

"Tayari. Nimewaambia nimepata dharura, najiondoa. Mwalimu anajua umekuja huku?"

"Hajui."

"Basi asijue. Ataona aibu." Kisha akageukia rafu. "Karibu tena, Mama Kidoti. Ukihitaji koki."

Kutoka pale, Mama Kidoti alitembea mpaka nyumbani kwa miguu ingawa palikuwa mbali. Alipata alichokuja kukitafuta, na alitembea kama mtu aliyeibiwa. Usiku alimpikia mumewe, akamwekea, akasema yeye ameshakula.

*

Usaili ulikuwa asubuhi, kwenye chumba cha mikutano cha idara. Katibu wa idara, ambaye kwa miaka yote alimpa Baba Kidoti chai kabla hata hajaiomba, siku hiyo alimpa karatasi ya kubandika kifuani: Mwombaji Na. 1.

"Samahani, Mwalimu. Ni utaratibu."

"Bandika tu. Usisahau pini, gundi yake haishiki."

Wanafunzi waliopita koridoni walimsalimia, wakasoma kifua chake, wakatazama pembeni. Mhadhiri mmoja wa ghorofa ya juu alisimama kabisa. "Bado upo? Mimi nilijua mlishaondoka wote."

"Bado nipo nipo," alisema Baba Kidoti.

Mama Kidoti alikaa kwenye benchi la nje na Kidoti mapajani. Hakutakiwa kuja, lakini nyumbani asingeweza kukaa. Mumewe aliitwa, akaingia. Alikaa humo muda mrefu. Sauti yake ilisikika kidogo kupitia mlango, ile sauti yake ya darasani isiyopanda wala kushuka, na mara moja mtu alicheka, si kwa kejeli. Alipotoka alikuwa na jasho kwenye masharubu.

"Vipi?"

"Maswali mazuri," alisema, na ikaonekana alifurahia kweli. "Nikanawe uso."

Alipopinda kona kwenda kunawa, mlango ulifunguliwa tena akatoka mkuu wa idara, karatasi zimebanwa kwapani. Alimwona Mama Kidoti akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Shemeji. Tumeharibikiwa."

"Ameshindwa?"

"Ashindwe vipi? Huyo ndiye amewafundisha walimu wengine maswali ya kuuliza. Tatizo yule binti kajitoa. Juzi tu, ujumbe wa mstari mmoja. Dharura! Dharura gani?"

Mama Kidoti hakuelewa. "Si ndiyo nafuu? Si mlisema akikosekana raia..."

"Hiyo ilikuwa zamani." Mkuu wa idara akapunguza sauti. "Siku ile ile tangazo lilipofungwa ulishuka waraka mwingine. Kila mgeni anayebaki lazima awe na mwenyeji pembeni anayejifunza kazi yake. Hakuna mwenyeji, hakuna kibali. Nilishapanga kila kitu kichwani: binti apewe ajira, mumeo apewe mkataba wa kumkuza. Wote wawili! Nilipoona ile barua nilicheka kwa furaha, shemeji, siyo kwa ubaya. Mpango huo sikuweza kuwaambia, waombaji hawaambiwi. Sasa nitangaze upya, na kibali chenu hakingoji tangazo. Bwana wa ofisi ya vibali yuko humo ndani na kalamu yake, akiondoka mchana ndiyo basi."

Kidoti alikuwa anavuta hereni ya mama yake. Mama yake hakuhisi.

"Akija mwenyewe?" aliuliza. "Kabla hawajafunga?"

"Jina bado liko kwenye orodha, sikulikata. Akija mlangoni atasikilizwa. Lakini atakuja vipi, na ana dharura?"

"Dharura ni mimi," alisema Mama Kidoti. "Nilimwendea dukani. Nilimwomba ajitoe."

Mkuu wa idara alimtazama. Kisha akasoma saa ya ukutani.

"Nitawaagizia chai. Bwana wa vibali anapenda chai. Kimbia, shemeji."

*

Alipanda pikipiki na mtoto kifuani. Simu ya Darubini iliita njia nzima bila kupokelewa. Alipoingia dukani msichana alikuwa anazungushia utepe mweupe kwenye meno ya koki, na simu ikitetemeka mbele yake juu ya kaunta.

"Naiona," alisema Darubini. "Nimeona nisiipokee."

"Mdogo wangu, nimekosea. Rudisha maombi yako. Twende sasa hivi, wanakungoja."

"Juzi nitoke, leo nirudi. Mimi ni pazia, Mama Kidoti? Unanivuta huku, unanivuta kule?"

"Sikujua. Nilidhani ukiwepo wewe, sisi hatupo. Kumbe bila wewe ndiyo hatupo kabisa. Wameleta sheria nyingine: wewe upate ajira, yeye abaki akukuze. Wote wawili. Mkuu wa idara alishapanga. Mimi ndiye niliyevuruga."

Darubini aliendelea kuzungusha utepe, mzunguko juu ya mzunguko, zaidi ya koki inavyohitaji. "Kwa hiyo leo umekuja kwa sababu mnanihitaji."

Palikuwa na majibu mengi mazuri. Mama Kidoti aliyaona yote, akayaacha.

"Ndiyo. Na juzi nilikuja kwa sababu nilikuogopa. Siku zote mbili nilikuja kwa ajili ya nyumba yangu. Ya kwako sikuuliza. Uliniambia kuhusu viatu vyako vya mvua, nikasema najua. Sikujua. Ukikataa, sitakulaumu popote, na Mwalimu nitamweleza mwenyewe."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua bomba waliacha kuchagua. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa amejiinamia nyuma ya mapipa ya maji akihesabu mifuniko, alinyanyuka akiwa ameshika kiuno.

"Wewe mtoto, una hasira?"

"Ninayo."

"Ni haki yako. Nenda nayo kwenye usaili, ukirudi utaimalizia hapa, duka halifungwi mpaka jioni. Na hiyo koki umeiharibu, nitakukata kwenye mshahara."

Darubini akaitazama koki, imevimba utepe kama kidole kilichofungwa bandeji. Pembe za mdomo zikamcheza. "Nitaendaje hivi? Nanuka gundi."

"Yule Mwalimu wako ananuka konokono," alisema shangazi. "Mtalingana."

*

Walirudi kwa pikipiki moja, watu wazima wawili, mtoto katikati na dereva akilalamika kuhusu polisi. Baba Kidoti alikuwa koridoni, karatasi yake bado kifuani, akimtafuta mkewe. Akawaona wanapanda ngazi wanahema.

"Darubini? Si ulijitoa? Na wewe, Mama Kidoti, mmekutana wapi?"

Darubini alifungua mdomo kumfichia, lakini Mama Kidoti akamwahi. Alisema yote pale pale, amesimama, kwa sentensi fupi: alivyokwenda, alivyoomba, alivyopewa, na alivyorudi leo. Hakutafuta mahali pa kujificha ndani ya maneno yake.

Baba Kidoti hakupaza sauti. Alibandua ile karatasi kifuani, akaikunja. "Ulimwambia mwanafunzi wangu aache kazi kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Ningekuwa mimi nisingeweza kumtazama tena."

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Mlango ukafunguliwa. "Mwombaji namba mbili!" Mkuu wa idara aliita kwa sauti kubwa ya kiofisi, kisha akamwona Darubini na koti lake la bluu, na uso wake mnene ukafunguka kama dirisha. "Ingia, ingia, mwanangu. Chai imeisha na mgeni ameanza kutafuta kofia yake."

Mlango ulipofungwa wakabaki watatu kwenye benchi. Baba Kidoti alikaa mbali kidogo na mkewe, nafasi ya mtu mmoja. Kidoti aliiona nafasi hiyo, akapanda, akakaa humo, akashika goti la huyu na goti la yule. Halafu, ndani, sauti ya Darubini ikaanza kuelezea jambo. Baba Kidoti akainua shingo.

"Wamemuuliza kuhusu wale wa mto wa kaskazini," alinong'ona.

"Anajibu vizuri?"

Alisikiliza huku midomo yake ikicheza pamoja na maneno ya ndani, kama mzazi kwenye mahafali. Pale msichana alipofika mahali fulani akanyamaza, naye akanyamaza na pumzi yake. Alipoendelea, Baba Kidoti akapiga paja.

"Hiyo sikumfundisha mimi!" alisema. "Hiyo kaifikiria mwenyewe!" Akamgeukia mkewe kumwonyesha furaha yake, akiwa amesahau kwamba amemkasirikia, na alipokumbuka alikuwa ameshachelewa. Mkono wake ulikuwa umeshashika wa mkewe juu ya kichwa cha mtoto.

"Usirudie," alisema.

"Sirudii."

"Ungeniambia, tungeenda wote tukakosee wote."

Bwana wa vibali alitoka wa kwanza, kofia mkononi, akawapungia kwa adabu, akashuka ngazi. Mkuu wa idara akafuata, na hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu anayecheza ngoma kwa siri. Alisema hata hivyo. Ajira ya kudumu, ya Darubini. Mkataba wa kumkuza, wa Mwalimu. Kibali cha mume, mke na mtoto, kimetiwa saini mbele ya macho yake, wakachukue wiki ijayo.

"Dirisha lipi?" Mama Kidoti aliuliza.

"Lolote, shemeji! Ingia hata kwa mlango!"

Mama Kidoti akakaa chini, palepale kwenye sakafu ya koridoni, mgongo ukutani, akacheka bila sauti huku machozi yanamshuka mpaka shingoni. Kidoti akaona ni mchezo, akakaa naye. Wanafunzi wakawaruka. Alifikiria mtihani wake wa uuguzi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliuogopa kwa sababu zake za kawaida.

Darubini alitoka akiwa ameshika karatasi yake ya namba mbili. Akachuchumaa mbele ya Mama Kidoti. Naye macho yake yalikuwa mekundu, lakini ile hasira ya dukani ilikuwa imepungua mahali fulani njiani, si yote.

"Mkataba wa Mwalimu ni wa miaka mingapi?" Mama Kidoti alimuuliza. "Mkuu hakusema."

"Mitatu. Mpaka mimi niwe nimeielewa kazi yote; nikiwa bado, unaongezwa. Nikishaielewa, ndiyo anaondoka."

Kicheko kikapungua. Mama Kidoti akaitazama miaka mitatu ikiwa imesimama mbele yake kama mlango mwingine. Kidoti atakuwa ameanza shule.

Darubini akampangusa Mama Kidoti shavu kwa ukingo wa koti lake, akamwachia harufu ya gundi.

"Lakini mimi ni mzito wa kuelewa, dada," alisema. "Mzito mno. Yale makubwa nitayawahi, lakini kuna vitu vidogo vidogo vya konokono, nakwambia, vinaweza kunichukua hata miaka kumi."

"Usiharakishe, mdogo wangu," alisema Mama Kidoti. "Elewa polepole."